Kamera Ilikuwa ya Tela

“Sisi kama kampuni tulimsamehe,” alisema Bwana Lameck mbele ya jeneza la Mzee Ndahani, kofia ameibana kwapani, kipaza sauti amekishika kwa mkono wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa ametoka Dodoma mjini asubuhi ile hadi Chemba, na wafiwa walimpa kiti cha mbele chini ya turubai kwa sababu aliwahi kuwa meneja wa marehemu. Akasema marehemu alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mpole. Akasema kuna siku moja usingizi ulimzidi barabarani, hasara ikatokea, lakini sote ni binadamu. Kisha akarudia kwamba walimsamehe, na watu wakaitikia kwa kuguna, kama watu wanavyofanya msibani wakisikia neno la huruma. Nilikuwa nimekaa jamvini na wanawake, bega kwa bega na mjane, Mama Yusta. Nina mvi sasa, magoti yananiuma nikishuka kwenye lori, na nilidhani hasira ya mambo yale imeshapoa. Kumbe haijapoa hata kidogo. Mtu amemnyang’anya mwenzake kazi na jina, miaka imepita, halafu anakuja kumsamehe akiwa hawezi kujibu! Nilimtazama Mama Yusta. Alikuwa ameinamisha uso, anavuta uzi kwenye pindo la kanga yake, wala hakuonyesha kama amesikia.

Mwaka mambo hayo yalipotokea nilikuwa msichana mwenye leseni ya magari makubwa ambayo hakuna aliyetaka kuiona inatumika. Kampuni ilikuwa ya kusafirisha nafaka, na iliniajiri kama dereva wa akiba. Maana yake nilikaa kiti cha abiria kwa Mzee Ndahani na kusubiri siku ambayo angenipisha. Lori lake lilikuwa na bodi ya mizigo, na nyuma yake lilivuta tela zima, lililofungwa kwa pini moja nene kuliko mkono wangu. Ile kabini ya dereva ndiyo iliyokuwa nyumba yetu mwaka ule. Ilikuwa na kitanda chembamba nyuma ya viti, pazia la maua lililoshonwa na Mama Yusta, chupa ya chai iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli isigongegonge, na harufu ya dizeli, maganda ya machungwa na sabuni ya mche. Mzee alipenda kwaya, akawa anaimba besi peke yake hata pale wimbo ulipokuwa hauna besi. Nikimwamkia shikamoo asubuhi, hakuitikia marahaba mpaka aseme kwanza hali ya tela. “Tela limelala salama,” angesema, “marahaba, mwanangu.”

Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa gia wala breki. Alinifundisha kuinama. Anayevuta tela hawezi kuliona lote kwenye kioo cha pembeni akiwa amekaa wima, kwa sababu bodi ya lori inalifunika. Barabara ikipinda kidogo, tela linajitokeza upande mmoja, na hapo dereva anapata nafasi fupi ya kulitazama: anaegemea mlango, anashusha kichwa mpaka shavu linakaribia bega, na macho anayashusha yafuate kioo hadi chini, kwenye matairi ya mwisho. Anatafuta moshi, vumbi lisilo la kawaida, tairi linalocheza. Kisha anarudi wima. Madereva wote wa tela wa barabara ile walifanya hivyo, na waliita kuchungulia mkia. Ukimtazama mtu usoni akifanya hivyo, kwa kuwa macho yanatazama chini, kope zinafumba nusu. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilimshika mkono nikidhani anasinzia. Alicheka mpaka akakohoa. “Nalala na mimi ndiye nimekwambia tazama barabara?” akasema. Baadaye na mimi nikawa nainama vilevile, na shingo ikaniuma wiki nzima.

Shida ni kwamba kuchungulia kuna mwisho wake, na Mzee alikuwa wa kwanza kukiri. Matairi ya tela yanakaa mawili mawili, la nje na la ndani. La ndani likipungukiwa na upepo, la nje linabeba mzigo wa wote wawili na kwa macho huoni chochote, mpaka lile la ndani lichemke, lisuguane na mwenzake na kushika moto. Alikuwa na nondo ya kugongea matairi kila tuliposimama, akisikiliza mlio, lakini udongo ukijaa katikati hata nondo haifiki. Ndiyo maana habari za vyombo vipya zilipofika Kibaigwa yeye alifurahi. Nakumbuka chumba cha mama lishe mmoja pale nyuma ya soko la mahindi, kuta za bati, meza yenye kitambaa cha plastiki, na madereva wamebanana wakila ugali kwa mlenda huku madalali wakipigia kelele bei nje. Mmoja wao alisema kampuni yetu imeagiza kamera na vipima upepo, vitu vidogo vinavyofungwa kwenye valvu ya kila tairi na kumwonyesha dereva kwenye skrini hali ya upepo akiwa anaendesha. Wengine walisonya. Walisema tunaletewa mashushushu. “Mimi nayataka,” alisema Mzee Ndahani, tonge mkononi. “Kamera ikae mkiani kwa tela, niache kuvunjika shingo. Na kipima upepo kikae kwenye lile la ndani. Hicho kikipiga kelele nitakibusu.” Chumba kizima kilicheka, na mama lishe akamwongezea mlenda bila kuombwa.

Namkumbuka hivyo kila ninaposikia watu wakisema wazee wa zamani walichukia vyombo vya kisasa. Nani alichukia? Mzee aliviomba kama mtu anavyoomba dawa.

Mafundi walikuja yadini wiki chache baadaye na maboksi. Bwana Lameck alisimama kivulini akiwaelekeza, miwani kichwani, funguo zikizunguka kidoleni. Walifunga vipima upepo kwenye matairi ya lori. Walibandika skrini mbele ya usukani. Kisha fundi akatoa kamera moja kati ya mbili na waya mrefu uliokusudiwa kufika mwisho wa tela, na Mzee akamsogelea kumwonyesha mahali ambapo matope hayarukii. Bwana Lameck akamsimamisha. Akasema kamera ifungwe ndani, juu ya kioo cha mbele, imtazame dereva. Waya uliobaki fundi aliuzungusha akaurudisha kwenye boksi pamoja na kamera ya pili na vipima upepo vya matairi ya tela. Mzee alivua kofia.

“Mkuu, samahani. Hiyo si ilikuwa ya tela?”

“Ya tela itafuata.”

“Na hivi vya upepo?”

“Navyo vitafuata, Mzee. Tela halina roho. Mwenye roho ni wewe, ndiyo maana unaangaliwa wewe.”

Alicheka peke yake. Mafundi walijifanya wanatafuta bisibisi. Mzee alirudisha kofia kichwani, akasema “sawa, Mkuu,” nami nikachukia ile sawa yake kuliko nilivyochukia kamera yenyewe. Kuanzia siku hiyo tukaishi na jicho jekundu juu ya kioo. Mzee aliacha kuimba, akisema ni aibu mtu kuonwa mdomo wazi na watu asiowaona. Nilimwambia kamera haichukui sauti. “Ndiyo mbaya zaidi,” alijibu. “Wataniona natafuna hewa.” Chai yake alikunywa tukiwa tumesimama tu. Kuchungulia mkia hakuweza kuacha, kwa sababu tela bado lilikuwa nyuma yetu na bado halikuwa na chochote.

Siku yenyewe tulipakia mahindi Kibaigwa, lori na tela, kuyaleta Dodoma. Mvua ilikuwa imenyesha na uwanja wa kupakilia ulikuwa tope tupu. Mzee alizunguka na nondo yake, akagonga la nje, akajaribu la ndani upande wa kushoto wa tela, akasimama. Udongo ulikuwa umeshikana katikati kama tofali. Akampigia simu Bwana Lameck nikiwa pembeni yake, na kwa kuwa simu ile ilikuwa na sauti kubwa nilisikia kila kitu. Aliomba muda tela lipelekwe kwa fundi matairi pale pale sokoni, lifunguliwe, lipimwe.

“Skrini inasemaje?” aliuliza Bwana Lameck.

“Skrini inaonyesha ya lori, Mkuu. Ya lori ni mazima.”

“Sasa shida iko wapi?”

“Ya tela hayamo humo.”

“Kama hayamo, basi hayana tatizo. Mzee, mwenye mahindi anasubiri. Ondoka.”

Kama hayamo, basi hayana tatizo! Nimelibeba neno hilo maisha yangu yote ya barabarani. Nimelisikia tena kwa watu wengine, kwa maneno mengine, na kila mara natamani kuwavuta masikio niwapeleke Kibaigwa kwenye tope lile.

Tuliondoka. Tulipita Mbande salama, jua likiwa utosini, barabara imekauka na inang’aa. Mbele kidogo barabara ilipinda kuelekea kushoto, ndipo mimi nikaona kwenye kioo cha upande wangu kitu kama ukungu mwembamba chini ya tela. Sikuwa na hakika. Nilinyoosha mkono mbele ya Mzee, kumwonyesha kioo chake, nikasema, “Mzee, tazama na kwako, kama kuna moshi.” Akaegemea mlango, akashusha kichwa, akashusha macho. Akakaa hivyo zaidi ya kawaida yake, kwa sababu tela lilikuwa limejificha nyuma ya bodi na alisubiri lijitokeze. Lilipojitokeza, mlio ukapasuka nyuma yetu, lori likatikisika, na tela likaanza kutuvuta kwenda pembeni. Mzee alirudi wima na hakukanyaga breki kwa pupa. Alilishika lori kwa mikono yote miwili, akaliacha lipoteze mwendo lenyewe, akaliegesha kwenye ukingo wa mchanga. Tulipofika chini moto ulikuwa umeshashika matairi ya kushoto. Alinifokea nikae mbali, mara yangu ya kwanza kusikia akifoka. Akaingia kati ya lori na tela, akafungua mipira ya breki, akachomoa ile pini kwa mikono mitupu ikiwa imeanza kupata joto, kisha akaniashiria nisogeze lori mbele. Ndivyo nilivyoendesha lori lile kwa mara ya kwanza. Tela liliungua na mahindi yake, watu wa kijiji wakirusha mchanga bila mafanikio. Lori na mahindi ya juu yake vilipona. Viganja vya Mzee vilibabuka ngozi, na harufu ya mahindi ya kuchoma ilienea pale barabarani mpaka mbwa wakaja.

Nilidhani watamshukuru. Nilikuwa mdogo kiasi hicho.

Tuliitwa ofisini. Mzee alikaa na bandeji mikononi, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake. Bwana Lameck aligeuza kompyuta ili tuone. Video ilikuwa fupi mno: Mzee yuko wima, kisha kichwa kinaangukia bega, macho yamefumba nusu, kinakaa hapo, halafu anashtuka na usukani unatikisika. Pembeni ya picha unaonekana mkono wa mwanamke umenyooka, umevaa bangili ya shanga. Ni mkono wangu. Nilieleza. Nilisema nilikuwa namwonyesha kioo, nikasema alikuwa anachungulia mkia, nikaeleza moshi, nikaeleza na ile simu ya asubuhi. Bwana Lameck alinisikiliza akiwa anagonga meza kwa kalamu. “Binti,” akasema, “huo mkono unamwamsha. Mtoto mdogo akitazama hapa atakwambia huyu mzee amelala. Nashangaa unamtetea aliyetaka kukuua.” Mzee Ndahani alisema neno moja tu, kwamba hakulala. Akalisema kwa utulivu, kama anayetaja jina lake. Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Kabla hatujafika getini video ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu, na haikuchukua muda ikazunguka Dodoma na Chemba na vijiji vya kwao, watu wakiongezea vikaragosi vya kukoroma. Nani aliirusha sijui. Najua kompyuta ilikuwa moja, na ilikuwa mezani kwa nani.

Nilienda nyumbani kwa Bwana Lameck, Makole, kumwomba amrudishe Mzee kazini. Nilijivika gauni la kanisani nikanunua na matunda, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kwenda kwa mkubwa mwenye hasira. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, feni inazunguka, na mke wake, mama mkarimu kabisa, akaniletea chai ya maziwa na vitumbua. Tukawa tunamsubiri mumewe arudi. Mama yule akasema leo amekwenda kuchota maji ya kiwanja chao wanakojenga, ila hatachelewa, siku hizi anapenda sana kazi hiyo tangu afunge mitambo yake. “Anarudi rivasi mpaka getini bila hata kugeuza shingo,” akaniambia huku akicheka. “Zamani aligonga ukuta huu mara ngapi!” Honi ikalia. Nikatoka naye barazani. Gari dogo la Bwana Lameck liliingia kinyumenyume, likisukuma katela kadogo kenye tenki la plastiki la maji. Mgongoni mwa tela hilo kulikuwa na kamera. Waya wake mrefu ulikuwa umezungushwa mara nyingi kwa sababu tela lenyewe lilikuwa fupi mno kwake. Kwenye valvu za magurudumu yake kulikuwa na vile vifuniko vyeusi, vipima upepo, viwili vyenye kazi na vingine vimefungwa kwenye tairi la akiba na hata kwenye toroli la zege lililoegemea ukuta. Toroli! Toroli la zege lilikuwa na kipima upepo, na tela la Mzee Ndahani lilikuwa majivu.

Sikuomba tena. Nilimuuliza tu, “Mkuu, hivi si vile vya tela?” Alifuata macho yangu, akavuta kola ya shati. “Vilikuwa vimekaa tu stoo,” akasema. Mke wake aliacha kucheka. Nikaweka kikombe cha chai juu ya ukuta wa baraza, kwa adabu kuliko nilivyojisikia, nikaondoka na matunda yangu. Ni jambo dogo, lakini mpaka leo nafurahi kwamba matunda yale sikumwachia.

Mzee Ndahani hakupata usukani mwingine. Kila alikobisha hodi, video ilikuwa imeshafika kabla yake. Alirudi Chemba, akalima alizeti. Nilipopata lori langu la kwanza nilipitia kwake, nikamkuta amekaa kwenye kiti karibu na dirisha la sebule, mahali ambapo barabara ya Kondoa inaonekana kwa mbali ikipinda. Makovu ya viganja yalikuwa yamekuwa meupe. Alinisindikiza mpaka kwenye lori, akazunguka tela lote, akashika kwa vidole kila kipima upepo, akatazama kamera ya mkiani. Aliridhika mpaka macho yakamlowa. Ndipo akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema. “Watu waseme wanavyotaka, mwanangu. Lakini Mama Yusta naye aliitazama ile video. Akairudia. Kisha akaniletea chakula wala hakuniuliza kitu. Angeuliza ningemwambia.” Nikamwambia nitazungumza naye. Akanikataza. Alisema mke si wa kuletewa mashahidi.

Nilimtii akiwa hai. Pale msibani, Bwana Lameck aliporudisha kipaza sauti na kukaa, mwongoza shughuli akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Nikanyanyuka jamvini kabla magoti hayajanikumbusha umri. Sikwenda kwenye kipaza sauti. Nilichukua kiti cha plastiki, nikakiweka mbele ya jeneza, nikakaa nikiwatazama watu, mikono nimeishikilia mbele kama nimeshika usukani. Kisha nikaegemea upande wa kulia, nikashusha kichwa mpaka shavu likakaribia bega, nikashusha macho chini. Nikakaa hivyo. Watu wa nyuma wakarefusha shingo waone. Nikauliza bila kuinua kichwa, “Madereva mliopo, nafanya nini hapa?”

Benchi la nyuma walikuwa wamekaa madereva waliokuja kutoka Kibaigwa, wengine vijana ambao hawakumjua Mzee kabisa. Wakajibu kwa pamoja, bila kupangana, “Unachungulia mkia!”

“Nimelala?”

“Aah, wapi!”

“Kamera ingekuwa mkiani, ningeinama?”

“Hapana!”

“Basi na yeye hakulala. Alitazama tela kwa shingo yake, kwa sababu kamera ya tela ilikuwa Makole inatazama tenki la maji. Bwana Lameck, wewe ndiye wa kusamehewa, na mwenye kukusamehe umechelewa kumwomba.”

Kelele ziliinuka, mchungaji akainua mikono kuzituliza, na Bwana Lameck akawa anatafuta kofia yake chini ya kiti ilhali ilikuwa kwapani. Kwa miaka yote nilikuwa nimeiwaza saa hiyo, na nilidhani nitamtazama yeye. Sikumtazama. Mama Yusta alikuwa ameinuka kutoka jamvini, mkono mmoja umeshikwa na binti yake, anakuja kwenye kiti changu taratibu. Akasimama mbele yangu, akanitazama usoni.

“Hebu kaa tena vile,” akasema.

Nikainama tena, shavu begani, macho chini. Nilisikia pumzi yake.

“Alikuwa anakaa hivyo dirishani kila jioni,” akasema Mama Yusta. “Nami kila jioni nilimgusa bega, nikamwambia, baba, inuka ukalale chumbani.”